Dada, Niongeze Hela Nichukue Mpya?

Mdogo wangu wa Dodoma. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, maana umejaza ukurasa mzima kuhusu simu na kuacha mstari mmoja tu kwa ajili ya mtihani wa marudio. Mtihani tutauzungumza siku yake. Leo simu.

Kwa wale ambao hawajui kisa: mdogo wetu yuko mwaka wa pili chuoni, ana iPhone 13 aliyoinunua mkononi kwa mtu, na boom, yaani ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limeingia wiki hii. Kuna kaka mmoja mjini kamwambia alete hiyo 13, aongeze laki nne, aondoke na 14. Shoga zake wa hosteli wanamhimiza achangamke kabla kaka hajabadili mawazo. Yeye anauliza: "Dada, hizi mpya zina kitu kweli, au wanatuchezea?"

Kwa hizo mbili ulizozitaja, wanakuchezea. Samahani kwa kukujibu bila hata kukukaribisha kiti, ila boom halina subira, na huyo kaka nahisi anakupigia kila asubuhi.

Fanya hivi. Iweke simu yako kifudifudi mezani, uazime 14 ya mtu, uilaze pembeni. Macho mawili ya mshazari huku, macho mawili ya mshazari kule. Zigeuze: kioo cha inchi 6.1 zote mbili, na kile kipara cheusi cha juu kipo pale pale. Yako ilitoka 2021, mwenzake 2022, na ndani zote zina chipu ya A15. Ya 14 imeongezewa kiini kimoja cha kushughulikia michoro, kile kile walichopewa wenye 13 Pro mwaka uliotangulia. Yaani wamekupakulia kiporo wakakiita chakula cha leo. Kamera kuu ni megapikseli 12 kwa 12. Tundu la chaji, lile lile la Lightning.

Tusimwonee mtu, lakini. RAM imetoka 4 ikawa 6, kamera ya mbele inajilenga yenyewe, picha za gizani zimepata nafuu kidogo, na kuna kuomba msaada kwa setilaiti pale mtandao unapokosekana kabisa. Hilo la setilaiti mimi silibezi, limeokoa watu. Ila lilifunguliwa kwanza Marekani na Kanada mwishoni mwa 2022. Basi likikuharibikia usiku karibu na Kibaigwa, wewe utamtegemea konda.

Na kuna mtego ambao shoga zako hawajakuambia. iPhone 14 zilizouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kuweka laini, zinatumia eSIM tu, ile laini isiyo na kadi. Baadhi ya simu za mtumba zinatoka huko huko. Kabla hujatoa hata shilingi, tazama ubavu wa kushoto, chini ya vitufe vya sauti: kama hakuna kile kijitrei cha laini, jua utaanza safari ya kuuliza kama mtandao wako unatoa eSIM na ofisi gani wanaijua kazi hiyo. Umetoa laki nne, na bado hupatikani hewani.

Msidhani nayasema haya kwa busara niliyozaliwa nayo. Mimi mwenyewe nimeshafanya ujinga huu, tena mtu mzima, mwenye kazi. Chapa sitaitaja, ila nilikuwa na simu nzuri ya mwaka mmoja, nikapitiwa na tangazo, nikaenda kuongeza hela nyingi kuliko hizo zako nikapata toleo lililofuata. Mwisho wa wiki nikaenda Tanga kwa mama. Jioni tumekaa ukumbini, mwanga umeanza kupungua, nikampiga picha anachambua mchele. Simu ya zamani nilikuwa nimempa mdogo wangu, naye akampiga kutoka pale pale. Tukamletea mama zote mbili aseme ipi ni ipi.

Mama akavaa miwani. Akaitazama hii, akaitazama ile, akairudia hii. Akazirudisha zote kwenye mkeka, akaendelea na mchele wake. "Mji ule ule," akasema. "Wamebadilisha jina tu."

Wasiojua lugha ya kanga niwaeleze: kanga ina pindo, ina mji, ambao ni ule uwanja wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno ya chini. Mwenye duka mjanja anaweza kutoa mji mmoja kwa majina matatu, na sisi tukanunua zote tatu. Mama ameuza kanga miaka mingi. Hakuhitaji kujua megapikseli.

Tangu siku hiyo nikawa na tabia ya kusoma karatasi za simu kama mama anavyogeuza kanga. Nikutolee mfano wa upande wa pili wa mtaa, wenye iPhone wasione tunawaandama. Chukua Galaxy S ya kawaida, ile ndogo, si Plus wala Ultra. S22 ya 2022: kamera za nyuma ni megapikseli 50, 12 na 10, na chaji ya wati 25. S23 ya 2023: 50, 12, 10, wati 25. S24 ya 2024: 50, 12, 10, wati 25. S25 ya 2025, nadhani umeshanijibu. Betri imetoka mAh 3,700 ikawa 3,900, ikawa 4,000, ikatulia hapo. Chipu inabadilika kila mwaka na programu za picha zinanolewa, sikatai. Lakini ule mji? Ule ule.

Sasa kwa kuwa mji haubadiliki, muuzaji anafanyia kazi jina. Ndipo namba zinapoanza kutisha. Megapikseli 108! 200! Mdogo wangu, sehemu kubwa ya simu hizo, ukipiga picha ya kawaida, zinaunganisha vidoti tisa au kumi na sita kuwa kimoja ili mwanga utoshe, na unachokipata mkononi ni picha ya megapikseli 12 hivi. Si uongo, ni hesabu, ila bangoni wanaiandika ile namba kubwa. Kwenye simu za bei ya kati utakuta jicho la tatu na la nne nyuma ni megapikseli 2 tu, lipo kama kishaufu. Na ukiona "GB 16" uliza zimepatikanaje, maana kuna wanaochukua GB 8 za RAM halisi wakaziongezea 8 zilizokopwa kwenye hifadhi ya ndani, ambayo ni goigoi ukilinganisha na RAM. Muulize muuzaji: "RAM yenyewe, bila ya kuongezea, ni ngapi?" Akikohoa, umeshajibiwa.

Hapo wengine mtasema dada anaponda kila kitu. Hapana. Kuna kosa la pili, na watu wenye akili wanalifanya sana: kusema simu zimeacha kubadilika. Hazijaacha. Zinakua kama mtoto wa nyumbani. Wewe unayeishi naye huoni kitu. Lakini mjomba aliyeko Muscat akija baada ya miaka mitano, anashika mdomo: "Huyu ndiye yule aliyekuwa anatambaa?" Chukua iPhone 11 ya 2019 uiweke na 16 ya 2024, mjomba atashika mdomo. Kioo, mwanga wake juani, kamera, chaji ya USB-C inayoingia pia kwenye simu ya jirani yako. (Hiyo USB-C tuwashukuru Umoja wa Ulaya waliopitisha sheria. Haikuja kwa huruma.) Ubaya ni kwamba watengenezaji wanataka umpime mtoto kila mwaka na ulipie kipimo.

Hata hiyo iPhone ya kwanza ya 2007, inayosemwa kwamba ilibadilisha dunia kwa siku moja, ilikuja bila duka la programu, bila kurekodi video, bila kunakili na kubandika maneno. Duka la programu lilikuja 2008. Video na kunakili, 2009. Kamera ya mbele, iliyotuletea selfi na maringo yetu yote haya, 2010. Miaka ile ya mwanzo kila toleo lilijaza shimo la kweli, ndiyo maana kusubiri mwaka kulikuwa na raha yake. Siku hizi mashimo yamekwisha, zinabaki nyufa za rangi.

Tena tukubaliane kitu kuhusu neno hili ubunifu. Mwaka huo huo wa 2007, Januari, Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco akaonyesha iPhone. Machi, Safaricom ikaanzisha M-Pesa Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta kwetu. Mama yangu hajawahi kumiliki iPhone. Lakini *150*00# anaibonyeza gizani, bila miwani, mtoto amelala mapajani. Mabadiliko makubwa ya maisha yake yamepita kwenye kitochi. Na kitochi chenyewe! Nokia 1100 ya 2003, ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na kilichotukamata sisi ni kile kitaa cha juu. Mtu aliyeweka tochi kwenye simu ya watu wasio na umeme alikuwa ametazama maisha yao. Waliotuletea simu ya laini mbili vivyo hivyo: walijua kwamba huku mtu ana laini ya bando na laini ya wakwe.

Siku hizi ubunifu wa kweli upo, ila mara nyingi haukai kwenye simu inayopigiwa ngoma. Google walipotoa Night Sight mwishoni mwa 2018, ile ya kupiga picha gizani ikatoka kama mchana, hawakuwapa wenye Pixel 3 mpya peke yao. Wenye Pixel ya kwanza ya 2016 waliipata pia, kwa kusasisha programu, bure. Betri za silikoni na kaboni, ambazo Honor walianza kuziuza China 2023, zinaingiza umeme mwingi zaidi katika unene ule ule. Sasa kuna simu nyembamba za Kichina zenye mAh 6,000 na zaidi, huku ile Galaxy yetu ya 2025 ilikuwa na 4,000. Na ahadi ya kusasishwa miaka saba, waliyoitoa Google na Pixel 8 mwaka 2023, kisha Samsung na S24 mwanzoni mwa 2024, kwangu mimi inashinda jicho lolote jipya. Haina picha nzuri ya kuweka bangoni, ndiyo maana huisikii.

Halafu kuna mambo mapya kweli ambayo bado yana homa ya utotoni. Simu za kukunja, kwa mfano. Galaxy Fold ya kwanza ilitangazwa 2019 kwa karibu dola 2,000, ikapelekwa kwa waandishi waijaribu, na ndani ya siku chache vioo vya baadhi yao vikafa. Wengine walibandua utando wakidhani ni protekta, kumbe ndiyo ngozi yake. Uzinduzi ukasogezwa kutoka Aprili hadi Septemba. Leo zimeimarika, lakini wewe wa boom usiwe wa kwanza kuvuka mto. Na hizi za akili mnemba, sikiliza: iPhone 16 iliingia madukani Septemba 2024 ikinadiwa kwa Apple Intelligence, ambayo haikuwemo siku ile. Vipande vya kwanza vilikuja mwishoni mwa Oktoba. Msaidizi wao wa sauti Siri, yule mwerevu aliyeonyeshwa kwenye matangazo, Machi 2025 wakasema bado, asubiriwe. Nunua kilichomo kwenye boksi. Cha kesho kitauzwa kesho.

Haya, turudi kwako. Sikukuuliza kitu cha kwanza nilichopaswa kukuuliza: 13 yako inaumwa nini? Maana katika ukurasa wako mzima kuna sentensi moja umeipitisha haraka: "Na pia chaji inaisha saa nane mchana." Hiyo ndiyo barua yako, mdogo wangu. Mengine yote ni sauti za hosteli.

Fungua mipangilio, ingia kwenye betri, soma afya yake. Apple wenyewe wanasema betri za simu za rika lako zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Yako imetumika kwa mtu, ikaja kwako, inalala kwenye chaji na TikTok juu. Kama iko chini ya 80, tatizo lako linatibika kwa sehemu tu ya hiyo laki nne. Na betri iliyochoka haiishi haraka tu, inaweza hata kuifanya simu ionekane nzee. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Watu walikasirika, na mwezi huo huo bei ya kubadilisha betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29. Wengi waliobadilisha waliziona simu zao zimechangamka tena. Fikiria ni wangapi walikuwa wameshanunua mpya.

Na si betri tu. Juzi nilikuwa Kariakoo kwa kijana wangu anayenitengenezea simu. Meza yake ni pana kama sinia, taa inaning'inia usawa wa pua. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja amekuja kuuza yake, haishiki chaji mpaka uupinde waya na kuushikilia. Alikuwa ameshaacha kianzio duka la jirani. Kijana hakusema kitu. Akaizima, akaielekeza kwenye taa, akachungulia tunduni, akachukua kitu chembamba akaanza kuchokoa taratibu kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Ukatoka uzi wa kijivu. Ukatoka mwingine. Mwishowe likatoka donge zima la pamba ya mkoba, gumu, limeshindiliwa na kila chaji ya miaka miwili. Akachomeka waya, ukaingia mpaka mwisho, simu ikalia. Mama yule akaitazama simu, akatazama duka la jirani, akakaa chini kwanza.

(Nyumbani msitumie sindano, mtachubua vile vyuma vya ndani. Zima simu, chukua kijiti cha meno, nenda polepole.)

Kwa hiyo wa Dodoma: betri kwanza, kwa fundi anayekupa dhamana kwa maandishi. Kisha safisha hifadhi, zile video za kitchen party ya dada wa jirani zifute, hazimtajii mtu heri. Ikifika siku ya kubadilisha kweli, ruka angalau matoleo matatu, ununue jambo ambalo mjomba wa Muscat angeliona. Huyo kaka mwambie asante. Akikwambia ofa inaisha leo, mwambie iishe salama.

Nina ujumbe mwingine mfupi, wa mshonaji wa Mwanza. Anauza magauni kwa WhatsApp, simu yake ni ya 2015, anauliza kama abadilishe kioo kilichopasuka. Dada, shikamoo, maana nahisi umenizidi umri. Wewe kioo kiache. Simu nyingi za umri huo hazipati tena maboresho ya usalama, na humo ndani una pesa za watu na namba za wateja. WhatsApp nao huwa wanafunga mlango bila kukubembeleza: katikati ya 2025 waliziacha iPhone 5s na 6. Wewe ndiye mjomba wa Muscat. Simu yoyote ya heshima ya miaka miwili iliyopita itakushangaza, huna haja ya iliyozinduliwa mwezi huu.

Ukienda dukani uliza itasasishwa mpaka mwaka gani. Bonyeza *#06#, upate IMEI, uitume kwenda 15090 ujue kama ni halali, maana tuliokuwepo Juni 2016 tunakumbuka simu feki zilivyozimwa, watu wakabaki wameshika vioo vya kujitazamia. Ukishawishiwa simu ya mkopo wa kulipa kila siku, zidisha ile hela ndogo kwa siku zote kabla ya kusaini, na uulize wanaifunga baada ya kuchelewa siku ngapi. Kwako simu kufungwa ni duka kufungwa.

Na nenda na gauni mkobani, lile la zambarau kama unalo, rangi hiyo huzisumbua kamera. Usipigie picha chini ya taa zao. Omba kutoka nayo barazani, kivulini, piga, kisha tazama kama zambarau imebaki zambarau au imegeuka buluu. Ukipata inayosema kweli, nitumie hiyo picha. Nina harusi Desemba, na sijapata mshono.